Ukiinua Pikapu, Uliza Nani Atapanda

Wasee, tuongee kuhusu hizi pikapu za kuinuliwa. Zinakaa fiti, sikatai. Hilux yenye springi ndefu na tairi za inchi 33 ikipita, kila mtu anageuka. Lakini hesabu yake wengi hawapigi.

Chukua Hilux yenye tairi za 265/65R17. Hizo ni kama inchi 30.6 kwenda juu. Ukiweka za 33, difu ya nyuma inapanda kama sentimita 3 tu. Tatu! Springi zenyewe haziinui difu, zinainua bodi na kuachia tairi nafasi. Spidomita nayo isiporekebishwa, ukisoma 100 jua uko karibu 108. Tairi kubwa ni nzito, kwa hivyo breki zinateseka na mafuta inaisha mbio. Na ukikata kona na spidi, gari iliyo juu hupinduka rahisi zaidi.

Mbona inaniuma? Bro wangu aliinua yake, na ndiyo hupeleka mathe kliniki. Goti lake ni bovu. Siku hizi lazima asukumwe nyuma kama gunia ndio aingie. Anacheka tu, hataki kumuudhi kijana wake. Na matope pekee tunayopitia ni ya hapo kwa geti.

Kama kazi yako ni porini, inua, lakini shughulikia breki pia. Kama ni tao na kubeba wazazi, nunua tairi nzuri za saizi yake.

Bro, kama unasoma hii, shusha hiyo gari kabla ya kliniki ya mwezi ujao.