Daftari la Fundi Saa

Nakuru, Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimehesabu droo, kwa sababu mikono haikuwa na kazi nyingine. Saa thelathini na moja. Seiko 5 ni kumi na mbili, nne kati yake zikiwa na siku za juma kwa Kiarabu. Hizo ziliingia nchini mkononi mwa watu waliorudi kutoka Ghuba. HMT sita, Roamer tatu, Favre-Leuba mbili, na West End moja ambayo bado sijaamua kama uso wake ni ule iliozaliwa nao au umepakwa rangi upya kule Mumbai. Zilizobaki ni Citizen.

Mwaka 2022 droo hii haikufika kumi hata siku moja. Broka wa Nairobi alikuwa akipanda huku kila wiki mbili, anazikomba kabla sijazipangusa. Leo mimi ndiye niliyempigia.

"Mzee, mimi mwenyewe nimekwama na kumi na saba. Hazitoki."

Betri nne, mkanda mmoja. Shilingi 1,150 kutwa nzima.

Alhamisi, 4 Septemba

Broka kanieleza mambo ya Marekani, nami nayaandika hapa nisije nikayasahau. Wateja wake wakubwa walikuwa huko. Kifurushi cha chini ya dola 800 kilikuwa kikiingia bila ushuru, na saa zetu karibu zote zilipita kwenye mlango huo. Tarehe 29 Agosti mlango umefungwa. Na tangu tarehe 7 Agosti saa yoyote ya Uswisi inatozwa asilimia 39. Nikamuuliza, saa iliyotoka Uswisi kabla sijazaliwa, ikakaa Njoro miaka sitini, bado ni ya Uswisi? Akasema ndiyo, wanaangalia ilikotengenezwa, si ilikolala.

Kumbe HMT zangu ni Wahindi na Seiko zangu ni Wajapani mpaka kiyama.

Jumamosi, 13 Septemba

Cucu, yule bibi mjane wa Subukia, amekuja. Nilikijua kilemba chake cha bluu kabla hajavuka Kenyatta Avenue, nikatamani kuinama chini ya meza kama mtu anayedaiwa na mwenye duka.

Alikaa, akapumzika, akauliza habari za mke wangu na za mguu wangu. Kisha akafungua leso. Omega ile ile. Ndogo kwa macho ya vijana wa leo, ya kutia ufunguo kwa mkono, akrabu ya sekunde ikizunguka peke yake kwenye kiduara chake pale chini penye sita. Ndani ya mfuniko kuna chapa ya Dennison, waliokuwa wakitengeneza magamba ya saa Birmingham, na nanga ya mji huo, na 9 .375, yaani dhahabu ya karati 9. Mashine ni kaliba 266, rangi ya shaba, mawe 17. Niliisafisha mwenyewe miaka mitano iliyopita. Hakuna mashine inayonitii kama hiyo. Ukiifungua unadhani aliyeibuni aliwahi kukaa kwenye kiti cha fundi.

Marehemu mumewe alikuwa nyapara kwenye shamba la mzungu. Mwaka 1963, mashamba yalipokuwa yakinunuliwa na serikali kugawiwa wenyeji, mzungu yule alifunga virago, na asubuhi ya kuondoka akaivua mkononi akampa. Cucu anapenda kunisimulia kwamba mzungu alikuwa akiitazama anasema nne, mzee akiitazama anasema kumi, na wote wawili walifika kazini kwa wakati.

"Fundi, nimengoja. Sasa ni shilingi ngapi?"

Nilipiga simu akiwa ameketi hapo hapo. Dola 350. Nikamwambia elfu arobaini na tano. Hakusema kitu kwa muda. Aliikunja leso, akaikunja tena.

"Si ulisema ikikaa inapanda?"

Nilisema. Mara mbili.

Jumapili, 14 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimetoa madaftari ya zamani sandukuni.

Machi 2022. Mwandiko wangu wenyewe, na furaha ndani yake: "Cucu wa Subukia, Omega 9k. Broka dola 780. Nimemwambia angoje, itafika 1,000." Shilingi ilikuwa 115 kwa dola, kwa hiyo ni karibu elfu tisini. Siku hizo kila mtu alikuwa mwanauchumi. Wazungu walifungiwa nyumbani na korona, wana pesa za serikali na muda wa kutazama simu, wengine wamevuna kwenye sarafu za mtandaoni, wakaanza kununua saa kama watu wanavyonunua hisa. Kule mbali bei ilifika kileleni majira yale yale, na mwezi huo huo benki kuu ya Marekani ikaanza kupandisha riba. Mwaka uliofuata riba ikapita asilimia 5. Mwenye pesa akaona heri aziweke benki zizae kuliko kuziweka kwenye Omega ya marehemu wa watu.

Lakini huku hatukuona. Hapo ndipo nilipoduwaa leo, daftari mkononi. Januari 2024, mwandiko ule ule: "Broka dola 600. Elfu 96. Imepanda! Cucu angoje tena." Ilikuwa imeshuka dola 180. Shilingi ndiyo iliyokuwa imeanguka mpaka 160, nami nikaona kuanguka kwa shilingi yetu nikakuita kupanda kwa saa. Nikamwambia mjane angoje kwa sababu nilikuwa nasoma akrabu upande usio wake.

Ndani ya miezi michache shilingi ikarudi 130, na pale ndipo tuliposikia kishindo cha miaka miwili kwa mara moja. Watu wa soko hili hapa mjini wanalalamikia maandamano ya Juni 2024, wengine wanalalamikia vijana na saa zao za simu. Mimi nina hesabu yangu: 780 mara 115, 600 mara 160, 350 mara 129. Nimeipiga mara tatu.

Jumanne, 23 Septemba

Vumbi. Wanaojua Kimaasai wanasema jina la mji huu lenyewe ni vumbi. Ukifungua saa ya mtu wa Nairobi unakuta mafuta yaliyokauka. Ya mtu wa hapa unakuta uji wa kijivu. Nimesafisha Casio saba za vijana wa mashamba ya maua Naivasha, zile ndogo za plastiki, F-91W. Hakuna broka atakayeziuliza kamwe. Zimelipa kodi ya kibanda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dhahabu imepita dola 4,000 kwa aunsi. Sikuisikia redioni, nilimsikia sonara wa upande wa pili wa barabara, ambaye kwa kawaida hanisalimu, akiniletea chai.

Anataka magamba. Karati 9, 14, 18, hata vifungo vya mikanda. "Mashine ubaki nazo wewe, mimi sizitaki." Nimemwambia sina. Kweli sina, za droo yangu ni chuma na rangi. Lakini nilipiga hesabu ya ile ya Subukia kabla kikombe hakijapoa. Gramu kumi na moja au kumi na mbili. Ikiyeyushwa inamshinda broka kwa mbali.

Marehemu mwalimu wangu, Mhindi aliyenifundisha kazi hii kwa kunipiga vidole kwa rula, alikuwa na neno kwa watu wanaoyeyusha saa. Sitaliandika.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikukuu, ibada ya kitaifa ya mazishi ya Raila Odinga. Mji umefungwa. Nilikwenda kibandani hata hivyo, nikakaa na redio nikisikiliza ibada ya uwanja wa Nyayo. Watu walipita kimya kimya, mmoja akasimama akaniomba nimtengezee saa yake iliyokuwa nyuma kwa dakika saba, nikamtengezea, hakuuliza bei wala mimi sikutaja.

Jumatatu, 3 Novemba

Kijana wa Egerton ameleta Seiko ya babu yake, 6139, uso wa njano, ile ya aina aliyoivaa mwanaanga Pogue kwenye Skylab. Anataka niing'arishe iwe mpya.

Miaka mitatu iliyopita ningempigia kelele. Broka alikuwa amenifunza dini mpya: usiguse. Usipige msasa gamba, usibadilishe akrabu, usiukwangue ule unga wa kijani wa kung'aa gizani uliooza. Mikwaruzo ni pesa, madoa ni pesa. Nikawa fundi anayelipwa kutotengeneza. Siku zile mtu akileta saa yoyote yenye maandishi ya Kiarabu alitaka nimtafutie jambia la Oman kwenye uso wake, maana kulikuwa na habari kwamba Rolex alizogawa Sultani Qaboos, zenye ile alama, zinauzwa kwa bei ya nyumba. Habari ni ya kweli. Jambia lenyewe halijawahi kufika mezani pangu.

Na hao wakubwa walioniamrisha nisiguse? Novemba 2021, Geneva, Omega Speedmaster moja iliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya faranga milioni tatu kwa sababu ilikuwa na madoa mazuri. Aliyenunua ni Omega wenyewe, kwa makumbusho yao. Mwaka 2023 ikajulikana kuwa iliungwa kwa vipande vya hapa na pale. Nilipoisoma habari ile nilicheka mpaka jirani wa mikanda akaja kuangalia. Vipande vya hapa na pale! Si ndiyo kazi ya kibanda hiki tangu kifunguliwe?

Nimempa kijana shauri moja tu: uso tuuache, kioo tubadilishe. Amekubali. Elfu mbili mia tano, na ataivaa.

Jumamosi, 15 Novemba

Broka amepiga mwenyewe, sauti imechangamka. Jana Marekani na Uswisi wameelewana, ushuru unashuka mpaka asilimia 15. "Mzee, ile dhahabu ya cucu usiiachilie. Ngoja kidogo tu, mwaka mpya hapa."

Ngoja. Nilitazama simu kama imenitemea.

Jumanne, 18 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Cucu amekuja na mjukuu wake wa kike, anayeanza chuo cha uuguzi Januari. Ada ndiyo iliyowaleta. Safari hii sikungoja aulize. Nilichukua kipande cha karatasi nikaandika namba tatu, moja chini ya nyingine. Broka leo: 48,000. Sonara leo: kadiri ya 60,000, lakini saa inakufa. Mstari wa tatu nikauacha mtupu, nikamwambia huo ni wa kungoja, na mimi siujazi tena.

Mjukuu aliisoma karatasi kwa sauti. Cucu akamuuliza ada inabaki ngapi. Wakanong'onezana Kikuyu, mimi nikajishughulisha na kibano.

"Itoe," akasema.

"Cucu, ikishatolewa..."

"Fundi. Itoe."

Nimefungua gamba hili mara nyingi, lakini leo mfuniko ulikataa ukucha wa kisu mara mbili. Nikachomoa kifundo, nikalegeza skrubu, mashine ikateleza kwenye kiganja changu na uso wake na akrabu zake, bado inakwenda. Kwa mazoea nikaitazama: nne na dakika ishirini. Cucu aliponikabidhi niliitia ufunguo wote, sijui kwa nini.

Kwa sonara mizani ilisema gramu 11.6. Alitaka kulipa kwa 5,000 kila gramu, mjukuu akasimama hapo na simu yenye bei ya dunia mpaka ikawa 5,300. Elfu 61 na mia nne themanini. Msichana huyo anapoteza muda kwenye uuguzi. Kabla sonara hajaukata mfuniko, Cucu aliuomba aushike kidogo. Alipitisha kidole gumba juu ya herufi za jina la mzungu zilizochongwa humo, akaurudisha.

Nilimpa mashine kwenye kikopo cha filamu. Hakuipokea.

"Nitaifanyia nini, haina nguo? Kaa nayo. Siku moja itafaa saa ya mtu."

Nilikataa kuchukua chochote, akaniachia mia mbili za chai chini ya lenzi, nimezikuta jioni.

Alhamisi, 20 Novemba

Mtu wa Gilgil ana Omega ya jamii hii hii ya milimita 30, ya chuma, imevunjika mhimili wa gurudumu linalocheza. Amengoja kipuri tangu Juni. Nimempigia nikamwambia kimepatikana, aje Jumatatu.

Mashine ilikuwa bado inakwenda jana nilipofunga kibanda. Leo asubuhi nimefungua kikopo nikaikuta imesimama, kumi na dakika thelathini na tano. Ufunguo umeisha usiku, au alfajiri nilipokuwa sijafika. Kwenye uso hakuna pa kuonyesha ni ipi.