KARIBU ANAONA, MBALI HAONI



Leo fungua pamoja nami 2 Petro 1:9. Kabla ya mstari huo Petro anatuhimiza tusikae na imani peke yake. Tuongeze wema, maarifa, kiasi, saburi, mpaka tufike kwenye upendo. Kisha anamtaja mtu aliyekosa mambo hayo, na kumfananisha na kipofu wa namna fulani. Huyu mtu vya karibu anaviona, vya mbali havioni. Katika Kiyunani Petro ametumia neno muopazo. Ni kutoka mzizi huohuo madaktari walipata jina la hali ya macho wanayoiita mayopia.

Nataka tuzungumze juu ya upofu huo, wa mwili na wa roho. Wazazi, msipite haraka.

Jicho la mtoto hukua jinsi mwili wake unavyokua. Likirefuka kupita kiasi, mwanga unaoingia hukutana kabla haujafika kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Kwa hiyo kitabu kilicho mkononi anakisoma vizuri, lakini ubao ni ukungu mtupu. Hakuna maumivu, na macho si mekundu. Mtoto mwenyewe hudhani kila mtu anaona kama yeye, kwa hiyo hasemi.

Hali hii inaongezeka duniani kote. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba kufikia 2050 karibu nusu ya watu wote duniani watakuwa nayo. Katika miji ya Asia Mashariki, kati ya vijana 100 wanaomaliza sekondari, 80 au zaidi hawaoni mbali bila miwani. Sisi Afrika bado hatujafika huko. Lakini tazama jinsi tunavyolea watoto siku hizi. Nyumba ya gorofa isiyo na uwanja, masomo kabla ya jua kuchomoza, tuisheni Jumamosi, na jioni simu ya mama. Njia ni ileile waliyopita wenzetu.

Sababu ni nini? Damu ya ukoo ina sehemu yake. Mzazi akiwa na hali hii, mtoto yuko karibu nayo zaidi. Kukazia macho vitu vya karibu kwa saa nyingi pia kunatajwa. Lakini damu ya ukoo haibadiliki katika kizazi kimoja, kwa hiyo kuna jambo lingine.

Mwaka 2008 watafiti walilinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina, wengine wakiishi Singapore na wengine Sydney, Australia. Kule Singapore, karibu 29 kati ya 100 walikuwa hawaoni mbali. Kule Sydney walikuwa 3 tu. Na wale wa Sydney ndio waliosoma vitabu vingi zaidi! Tofauti kubwa ilikuwa hii: wa Sydney walikaa nje karibu saa 14 kwa wiki, na wa Singapore saa 3. Baadaye, katika mji wa Guangzhou, China, shule kadhaa ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, walioanza kukosa kuona mbali walikuwa 30 kati ya 100. Katika shule ambazo hazikuongeza kitu, walikuwa karibu 40.

Wataalamu wengi wanaamini siri iko kwenye mwanga. Mwanga wa nje mchana ni mara nyingi kuliko ule wa taa za nyumbani, na unalifanya jicho litoe kemikali inayolizuia kurefuka ovyo. Jua ambalo Mungu ametupa bure, tumewafungia watoto wasilipate.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichoma moyo. Kuna mama aliyeniletea kijana wake wa darasa la tano tumwombee, akiamini ana pepo la uzembe. Shuleni alikuwa akiadhibiwa kwa kunakili vibaya, 3 inakuwa 8. Tuliomba. Kisha nikamwambia asome maandishi ya ukuta wa mbele akiwa mlangoni. Akaniuliza, "Maandishi gani, pasta?" Alipopata miwani, njiani kwenda nyumbani alisoma kwa sauti kila kibao cha duka. Lakini mama yake aliniuliza swali ambalo wengi wenu mnalo moyoni: "Pasta, akivaa miwani si tutakuwa tumekana uponyaji?"

Hapana, mama. Petro amesema kwenye imani tuongeze maarifa. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Mimi naamini Mungu anaponya, na nitaendelea kuwekea watu mikono. Lakini usimnyime mtoto miwani kwa jina la Yesu. Miwani haiharibu macho. Na hali hii ikizidi sana, huko mbele inaweza kuleta magonjwa yanayopofusha kabisa.

Kwa hiyo fanya haya. Mtoto akikunja macho, akisogelea runinga, au akishindwa kusoma namba ya matatu mpaka ifike miguuni pake, mpeleke kliniki ya macho. Aliye mdogo, mwache acheze nje kila siku, hata saa mbili, bila kulikodolea jua macho. Kucheza nje hakutalifupisha jicho lililokwisha kurefuka, lakini kunaweza kumkinga ambaye bado. Viongozi wa kanisa, hata darasa la Shule ya Jumapili linaweza kukaa chini ya mti.

Na wewe mtu mzima je? Kuna anayeona kodi ya mwezi huu tu. Anaona aliyemkosea jana, anaona muujiza anaoutaka Jumapili hii, lakini haoni umilele, wala hakumbuki Mungu alimtoa wapi. Soma Mwanzo 15. Abramu alikuwa akihesabu alichokosa, mtoto. Mungu hakubishana naye ndani ya hema. Alimtoa nje, akamwambia ainue macho atazame nyota. Nje ndiko Abramu alikoamini.

Toka nje leo, mpendwa. Toka na mtoto wako, mshike mkono, mwonyeshe mlima ulio mbali na umuulize anaona nini. Msikilize vizuri anavyojibu.

Baba, fungua macho yetu na ya watoto wetu. Utupe imani, na juu ya imani maarifa. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, sema Amina, na umtumie mzazi mwenzako ujumbe huu. Mbarikiwe.