Tunapomwinua Ndugu Yetu

Huku Manguredjipa wapo ndugu zetu walioumia uti wa mgongo: mmoja alianguka toka juu ya mchikichi, mwingine alifukiwa katika shimo la dhahabu, mwingine alitupwa na pikipiki katika tope la barabara ya Butembo. Tunapowaendea pamoja na mhudumu wa Ekaristi, hamu yetu ni kuwainua upesi ili waketi kwa heshima. Hapo ndipo yatupasa kuwa waangalifu.

Ndani ya uti wa mgongo hazipiti amri za kutembea tu, bali hata zile zinazokaza mishipa ya damu. Jeraha likiwa juu, shingoni au kifuani, mishipa ya miguu hulegea, na misuli iliyolala haisukumi damu kurudi moyoni. Kwa hiyo miguu huvimba jioni, na shinikizo la damu huwa chini siku zote. 90 kwa 60 laweza kuwa hali yake ya kawaida. Akiketishwa ghafula, damu hushuka, naye huzimia. Tumwinue kidogo kidogo. Akishikwa na kizunguzungu, tumlaze na kumwinulia miguu. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alifikishwa kwa Bwana akiwa amelala, wala hakukemewa.

Lakini kuna hatari iliyo kinyume, nayo ni kali zaidi. Daktari Ludwig Guttmann, wa Stoke Mandeville huko Uingereza, pamoja na mwenzake Whitteridge, walieleza mwaka 1947 jinsi kibofu kilichojaa kinavyoweza kulipandisha mno shinikizo la damu la watu hao. Kichwa humgonga, jasho humtoka usoni na shingoni. Sisi husema upesi: malaria, alale! La, kumlaza ni kumzidishia. Aketi wima, miguu ining'inie, nguo zilegezwe, mrija wa mkojo utazamwe kama umejikunja, na muuguzi aitwe papo hapo, maana mshipa waweza kupasuka kichwani.

Tena, mguu mmoja ukivimba peke yake na kuwa wa moto, tusiukande, hata bibi akileta mawese yake. Huenda damu imeganda ndani, na bonge liking'oka huenda mapafuni. Apelekwe kituo cha afya siku ile ile.

Kabla ya matembezi yajayo, kila kikundi kimwombe muuguzi atuonyeshe mrija huo na namna unavyojikunja.