Sheria ya Saba

Rede ni mchezo ambao karibu kila msichana aliyekulia Tanzania ameucheza, na hakuna ninayemfahamu aliyeusoma mahali. Netiboli ina kitabu cha sheria, ina waamuzi wenye vyeti, ina CHANETA. Rede unajifunza kwa kusimama pembeni ukiwa na miaka mitano au sita, unawatazama dada zako wakirushiana mpira wa soksi, mpaka siku moja mmoja wao anaitwa nyumbani kuchota maji na wewe unaambiwa, "Haya, ingia."

Wawili wanasimama kwenye ncha mbili za uwanja, wanatazamana. Wengine wako katikati. Mpira ukikugusa, umetoka. Hayo ndiyo yanayofanana kila mahali nilikouona mchezo huu. Mengine yote hujadiliwa kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, kwa kelele, na mara nyingine majadiliano hayo ndiyo yanayomaliza jioni. Wakenya wana mchezo kama huu, wanauita kati. Waganda wanauita kwepena, na msemaji wa Kiswahili anasikia "kukwepa" humo ndani bila kufasiriwa. Marekani na Kanada vyuo vikuu vina ligi za mchezo wa jamii hiyo hiyo, dodgeball: timu mbili, mstari katikati, mipira kadhaa ikiruka kwa wakati mmoja.

Mei 2025 nilirudi nyumbani Singida kukusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, kama kilomita 240 kutoka kwetu, na utafiti wangu unahusu wakulima wadogo wa alizeti wilayani Ikungi. Asubuhi nilikuwa vijijini na madodoso, jioni sikuwa na kazi. Rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi, anasoma stashahada katika chuo kimoja hapo mjini. Akaniambia wasichana wa chuo wanaanzisha ligi ya rede: timu sita, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa kumi na nusu jioni. Si mashindano ya kombe. Ni ya kunyoosha miguu baada ya vipindi. Wanatafuta mtu asiye wa timu yoyote awaandikie sheria.

"Wewe si ndiye unayeandika tasnifu," alisema. "Hii ni karatasi moja tu."

Tulikaa chini ya mti, wawakilishi wawili wa kila timu, pamoja na waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, kijana mpole aliyekuja na saa ya mkononi na daftari. Kulikuwa na wasichana wa Singida mjini, wa Kiomboi, wa Manyoni, wawili wa Tabora, mmoja wa Tanga. Kila mmoja alikuwa na rede yake, na kila mmoja aliamini ya kwao ndiyo rede.

Sheria ya kwanza ilikuwa uwanja. Tulikubaliana hatua kumi na nne kutoka mstari hadi mstari. Hatua za nani? Wa Tanga alikuwa na miguu mirefu, wa Manyoni mifupi. Ikaandikwa: uwanja utapimwa kwa hatua za mchezaji mfupi kuliko wote waliohudhuria siku hiyo. Hakuna aliyecheka. Ukiwa mfupi katikati ya uwanja mrefu, mpira unapata muda wa kupanda na kushuka juu yako. Ukiwa mfupi kwenye ncha, mpira wako haufiki.

Sheria ya pili ilikuwa mpira. Kuna aliyependekeza tuchangishane tununue mipira ya tenisi. Ikakataliwa. Mpira wa rede ni soksi iliyojazwa matambara, ikakazwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Unauma kiasi cha kukufanya ukwepe, hauumi kiasi cha kukufanya uogope. Tukaongeza: ndani kusiwe na jiwe. Waliokulia mtaani wanajua kwa nini hilo lilihitaji kuandikwa.

Ya tatu, chupa. Katikati ya uwanja inakaa chupa ya maji ya nusu lita, tupu, bila kifuniko. Timu iliyo ndani inakwepa huku ikijaza mchanga kwa viganja. Chupa ikijaa mpaka mdomoni, ni pointi moja, inamwagwa, na waliotoka wote wanarudi uwanjani. Bila chupa, rede ni kukimbia tu. Kwa ajili ya chupa lazima uiname, na ukiinama huuoni mpira. Mwenzako ndiye anayekuangalilia mgongo.

Ya nne, upepo. Singida ni mkoa wa upepo, hasa miezi ya kiangazi, na mwezi Mei unakuwa umeshaanza kuvuma. Anayerusha akiupa upepo mgongo ana mkono wa pili. Anayerusha kuukabili, mpira wake wa soksi unaning'inia hewani kama umesahau unakokwenda. Kwa hiyo warushaji watabadilishana ncha kila dakika tano. Waziri wa michezo akasema saa yake itatumika.

Ya tano, kichwa. Mpira wa kichwani hauhesabiki, na aliyeurusha anakaa nje kwa mirusho mitatu.

Ya sita ilitumaliza nusu saa: nguo. Wengine wanacheza na suruali za michezo, wengine na sketi ndefu na ushungi, mmoja hufunga kanga juu ya sketi. Ikiwa mpira kugusa nguo ni sawa na kugusa mwili, basi mwenye sketi ndefu ana mwili mkubwa mara mbili ya mwenzake. Ikiwa nguo haihesabiki, nani atajua kama mpira ulipita kwenye kitambaa tu au ulifika gotini? Msichana wa Kiomboi akajibu, "Atajua mwenye goti." Nikaandika hivyo hivyo: nguo si mwili, na aliyepigwa ndiye shahidi. Mwamuzi hatamtoa mtu kwa mpira wa nguo. Atamuuliza, na atakachosema ndicho kitakachofuatwa.

Kisha tukafika ya saba.

Mtaani kwetu, mchezaji wa katikati akiudaka mpira kabla haujagusa chini, anaokoa. Anamwita mmoja wa waliotoka, naye anarudi ndani. Dodgeball nayo ina sheria hiyo: ukidaka, aliyerusha anatoka na mwenzako mmoja anarudi. Waziri wa michezo alitaka tuiondoe. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amepiga hesabu daftarini: mechi tatu kwa siku, jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na wapo wanaotaka kuwahi swala ya magharibi. Kila anayerudi anarefusha mechi. "Tuandike tu," alisema, "akitoka kwa mpira, asubiri chupa ijae. Isipojaa, ndiyo basi. Ni rahisi, na ni haki kwa wote."

Rafiki yangu hakuwa amesema neno tangu sheria ya kwanza. Akanyoosha mkono kama yuko darasani.

Hapa inanipasa kueleza jambo ambalo wengine chini ya ule mti hawakulijua. Yeye ameisoma insha hii kabla yenu na ameniondolea sentensi mbili. Haya yaliyobaki ameyaruhusu.

Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba katika uongozi wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni. Kufukuzwa kwa sababu ya mimba kulikuwako tangu zamani. Kauli ile ilifunga kila ufa uliokuwa umebaki. Tulikuwa kidato cha tatu. Miezi michache baadaye dawati letu likawa langu peke yangu. Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa 2018, wa kike. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka huo, nikaenda kidato cha tano, nikaenda chuo. Yeye aliuza karanga, akaosha vyombo kwenye mgahawa karibu na stendi, akatunza daftari zake za kidato cha tatu ndani ya ndoo yenye mfuniko ili panya wasizile.

Tarehe 24 Novemba 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, waliopata mimba wakiwamo, wanaruhusiwa kurudi. Nilisikia habari hiyo nikiwa Dodoma, nikampigia simu. Alicheka. Ilikuwa mwezi ule ule wa mtihani wa kidato cha nne, na alikuwa ameufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ada ya mtihani ilitoka kwenye kuku. Mama yake alikuwa anafuga kuku wa kienyeji, wale ambao Singida inajulikana kwa ajili yao, na mwaka huo aliwauza karibu wote kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam, akabakiza jogoo na tetea mmoja.

Kwa hiyo aliponyoosha mkono nilidhani atayasema hayo. Hakuyasema. Alisema habari za rede tu.

"Kaka waziri," alisema, "kurudi kubaki. Lakini mimi nina neno na namna ya kurudi. Mtaani anayedaka anachagua amwite nani. Si ndiyo? Sasa niambieni, huwa anamwita nani?"

Kimya kidogo. Halafu wa Tabora akasema, "Anayejua."

"Anayejua. Anayekwepa vizuri. Yule aliyetolewa wa kwanza, mzito, au mgeni, au amekuja na malapa, anakaa pale mstarini jioni nzima. Kila mpira ukidakwa anainuka kidogo, halafu anaitwa mwingine, anakaa. Mnasema sheria inamruhusu kurudi. Ndiyo, inamruhusu. Lakini hakuna siku atakayorudi."

Akapendekeza foleni. Aliyetoka wa kwanza awe wa kwanza kurudi, hata kama ni mbovu kuliko wote. Anayedaka asichague. Na ili jua lisituzamie, kila mchezaji arudishwe kwa kudakiwa mara moja tu kwa mechi.

Manahodha wawili walipinga. Walisema kudaka ni ustadi, na mwenye ustadi anastahili kuchagua. Wa Tanga akauliza timu itashindaje ikirudishiwa mchezaji dhaifu wakati bora amekaa nje. Hilo lilikuwa swali la kweli, na rafiki yangu hakulikwepa. "Mtashindwa mara nyingine," alisema. "Hii si ligi ya kunyoosha miguu? Miguu ya nani?"

Ilipigwa kura: nane kwa nne. Waziri wa michezo akakubali, kwa sharti la mara moja. Niliandika sheria zote kwenye karatasi ya manila kwa maka peni, nikaacha nafasi chini kwa sababu nilijua zitaongezwa, na ikabandikwa kwenye ukuta wa bweni unaotazama uwanja.

Nilihesabu pointi kwa wiki sita. Wa Tanga alikuwa sahihi: timu zilipoteza mechi kwa sababu ya foleni. Msichana mmoja mnene wa timu ya mwaka wa kwanza alikuwa akitolewa wa kwanza karibu kila mara, na karibu kila mara akarudi, akatolewa tena. Mechi ya nne nilimwona amejifunza kitu. Alikuwa haendi mbali. Alikaa karibu na chupa, ameinama, akijaza mchanga kwa viganja viwili, na wenzake wakawa wanamwangalilia mgongo. Timu yake ilipata pointi mbili jioni ile. Sikumbuki kama walishinda.

Rafiki yangu alicheza wastani. Anarusha vizuri, anakwepa vibaya. Binti yake, darasa la kwanza, alikuja naye kila Jumamosi, akacheza rede yake pembeni na watoto wa watumishi wa chuo, chupa yao ikiwa ndogo, ya soda.

Jumamosi ya mwisho niliwakuta wale watoto wamesimama mbele ya manila. Binti alikuwa anawasomea wenzake, kidole ukutani, silabi kwa silabi, a-li-ye-to-ka, wa kwan-za. Alipomaliza ya saba alimgeukia mama yake aliyekuwa anafunga kamba za viatu.

"Mama, na kama hakuna anayedaka?"

"Si kuna chupa," alisema. "Soma ya tatu."