Nilivyojifunza Kusoma Mgongo wa Mkate

Mkate wa kwanza usio na gluteni nilioununua niliutupa. Niliuchagua kama nilivyokuwa nikitumwa dukani Tanga nikiwa mtoto: bonyeza boflo, ukiona laini, lipa. Kufika nyumbani, hapa Leicester, slesi ilikatika kabla kisu cha siagi hakijafika katikati, na ndani mlikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Niliutia mdomoni hivyo hivyo, ukawa kama unga mkavu. Nilikaa jikoni nikalia. Mtu mzima wa miaka 41, nalilia mkate.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimepewa jina la kilichokuwa kikinisumbua: siliaki. Miaka sita nilimeza vidonge vya chuma na damu haikupanda. Tumbo lilijaa, miguu ikawa mizito, ngazi za kazini zikanishinda. Wala sikuwa mtu wa kujinyima. Nilikula mkate asubuhi na chapati jioni, kumbe hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinimaliza. Ngano, shayiri na rai zina protini iitwayo gluteni, na kwa mwenye siliaki kinga ya mwili ikikutana nayo huugeukia utumbo mwembamba, ikaharibu vile vinyweleo vinavyofyonza chakula. Chuma kinapita, hakishikwi. Vipimo vya damu na kamera iliyoshushwa tumboni vilithibitisha. Dawa ni moja tu, kuacha gluteni maisha yote.

Sikuacha. Nalisema hili kwa sababu lilinigharimu. Kwenye harusi nilimega chapati, nikajiambia kipande hakina neno. Mdogo wangu naye alinitia moyo: “Dada, onja tu, Mungu yupo.” Miezi minne ikaenda hivyo, na kipimo kilichofuata hakikuwa na nafuu yoyote.

Aliyenigeuza ni mtaalamu wa lishe, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Hakunigombeza. Alinisimulia habari za daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyekuwa akishuku ngano tangu kabla ya vita. Katika njaa ya mwaka 1944 na 1945 mkate uliadimika nchini mwake, na watoto aliowatibu wenye ugonjwa huu wakapata nafuu wakati wenzao wakidhoofu kwa njaa. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Nilirudi nyumbani na picha ya watoto wale, na tangu siku hiyo sikumega tena chapati ya mtu.

Tulipoonana tena alinitaka nije na pakiti, nisimweleze habari za ladha. Nikampelekea ile niliyoiona nzuri kuliko zote, iliyoandikwa mbele “bila ngano”. Aliigeuza, akaweka kidole kwenye neno moja lililokolezwa wino: rai. Bila ngano si bila gluteni! Siku tatu nilizolala na tumbo baada ya kuula nilikuwa nimezinunua mwenyewe kwa pesa yangu. Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Hapa Uingereza viambato vinavyoweza kudhuru, nafaka zenye gluteni zikiwamo, hulazimika kukolezwa kwenye orodha, na bidhaa haiwezi kuitwa isiyo na gluteni ikizidi miligramu 20 kwa kilo. Siku moja niliona ngano imekolezwa kwenye mkate ulioandikwa hauna gluteni, nikaurudisha rafuni mikono ikitetemeka. Baadaye nikaelezwa kuwa ule ni wanga wa ngano uliooshwa gluteni hadi chini ya kiwango hicho. Mwenye siliaki anaula. Mwenye mzio wa ngano asiuguse.

Lakini usalama peke yake haufanyi mkate kuwa mzuri. Orodha hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, kwa hiyo siku hizi naanza na maneno matano ya mwanzo. Yakiwa ni maji, wanga wa viazi, wanga wa muhogo na mafuta tu, najua nitakula na saa nne nitakuwa na njaa. Natafuta unga kamili: mtama, ulezi, mchele wa kahawia. Natafuta isabgoli, yale maganda ya mbegu ambayo Wahindi wa Tanga huyakoroga kwenye maji kwa ajili ya choo. Ndiyo yanayoshika maji na kufanya kazi ya gluteni, slesi ikakunjika bila kuvunjika. Nyuzinyuzi zikifika gramu 6 kwa kila gramu 100, mkate huo unaingia kwenye kikapu changu. Natazama pia kama umeongezwa chuma na kalsiamu. Unga mweupe wa ngano huongezwa kwa sheria, wetu hauna sheria hiyo, na mimi niliyekosa chuma miaka sita siwezi kulipuuza jambo hilo. Bei nasoma ile ndogo, ya kwa kilo, maana boflo zetu ni fupi na pakiti hudanganya macho.

Kuubonyeza nimeacha kabisa. Mikate hii huwa migumu upesi, ya leo asubuhi si ya kesho. Nikifika nyumbani naigawa slesi mbili mbili kwenye friza, na kila moja inapita kwenye tosta. Tosta yangu mwenyewe, yenye utepe mwekundu, kwa sababu chembe za mkate wa watoto zinatosha kunirudisha nilikotoka. Mume wangu alidhani nimezidisha, mpaka aliponiona nimelala tena.

Mama yupo Tanga. Siku ya kwanza nilipomsomea orodha kwenye simu alinyamaza, kisha akasema, “Mchele, muhogo, mtama. Mwanangu, hivyo vyote vipo hapa kwetu. Si upike mkate wa kumimina?” Napika, Jumapili, kwa tui la nazi na hamira, na hakuna wa dukani unaoufikia. Ila zamu yangu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na asubuhi ile nahitaji slesi mbili nisizozifikiria.

Chuma kilipanda mwaka uliofuata, ngazi nazipanda bila kushika ukuta. Mama bado ananipigia kila Ijumaa. Namwamkia, anaitikia, kisha swali ni lile lile.

“Umekula nini asubuhi?”

“Mkate, mama.”

“Upi?”

Nanyanyuka, nachukua pakiti, naigeuza, namsomea.