Bei ya Siku ya Posho

Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, hakujawahi kuwa na kuponi za kukata gazetini. Kuponi yetu ilikuwa kadi ya chakula: karatasi ngumu yenye namba pembeni, na kila mgao namba moja inatobolewa. Nilipoletwa hapa mwishoni mwa 2008, baada ya vita vya Rutshuru, Kongo, kutuvusha mpaka na kutulaza Nyakabande karibu na Kisoro, kadi hiyo ilikuwa na thamani kuliko jina langu. Ukiwa nayo mkononi, muuza duka anakukopesha sukari na sabuni. Usipokuwa nayo, anajua bila kuuliza kwamba umeshaiweka rehani kwa mwenzake, na kwamba siku ya mgao mwenzake huyo atakuwa anakusubiri nje ya uzio na gunia tupu.

Wageni hudhani makazi haya yalianza na sisi Wakongomani. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda. Sisi tulikuta wazee ambao walishapanda migomba ikazeeka. Tuliwakuta Wasomali na maduka yao ya Base Camp, Warundi na mashamba yao, na baadaye Waethiopia na Waeritrea wakazidi kuongezeka. Kila watu na chakula chao. Mgao ulikuwa mmoja: mahindi, maharage, mafuta, chumvi, na unga wa uji kwa bahati.

Mahindi yenyewe yalikuja punje. Kwetu Kivu wengi tumelelewa na bugali ya muhogo, na hata aliyeyapenda mahindi ilibidi ayasage, na mashine ya kusaga haiendeshwi kwa shukrani. Kwa hiyo siku ya mgao, kabla jua halijapanda, nusu ya Base Camp ilikuwa inauza. Unauza ili usage, unauza ili upate muhogo, unauza ili ulipe deni la sabuni. Malori madogo kutoka Kabingo na Mbarara yalikuwa yamepangwa barabarani, wenyewe wamekaa kwenye vigoda wakisubiri. Hawakuwa na haja ya kubishana. Kila mtu alikuwa muuzaji siku hiyo hiyo, na bei walikuwa wanaipanga wao. Wiki tatu baadaye, ghala la nyumbani likiwa tupu, mahindi yale yale ulikuwa unayanunua kwa kopo dukani kwa bei nyingine kabisa.

Mama mmoja wa Bukavu, jirani yangu wa mtaa wa New Congo, ndiye wa kwanza kuniambia jambo hili wazi. Tulikuwa tunatoka mashineni, unga kichwani. Akasema, "Mama, sisi hatuibiwi na mtu. Tunaibiwa na tarehe." Nilicheka. Alikuwa mwalimu huko kwao, anapenda kusema maneno ya namna hiyo. Lakini kila kilichofuata kimenionyesha kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kisha pesa ikaanza kuchukua nafasi ya chakula. Mwaka 2018 serikali na UNHCR walifanya uhakiki wa wakimbizi nchi nzima, alama za vidole na mboni za macho, na mambo ya kadi ya kutobolewa yakaanza kusahaulika. Mwenye kaya akapewa kadi ya benki. Kabla ya corona kiwango kilikuwa shilingi 31,000 kwa kichwa kwa mwezi. Tulishangilia, na nisiwe mnafiki, tulikuwa na haki ya kushangilia: hakuna tena kuuza mahindi kwa bei ya kutupa ili upate muhogo. Unanunua unachokula.

Ila tarehe ilikuwa imegeuza uso tu. Zamani sote tuliuza siku moja, bei ikaanguka. Sasa sote tukawa tunanunua siku moja, bei ikapanda. Juzi kilo ya maharage ina bei yake; simu za watu zikianza kulia kwamba pesa imefika, hadi jioni ina bei ya siku ya posho. Na kadi za benki nazo zikaanza kwenda rehani, pamoja na namba ya siri.

Mwaka 2020 ndio uliotufundisha kwa kiboko. Mwezi Machi usafiri wa abiria ulisimamishwa Uganda nzima. Mwezi Aprili Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ukapunguza mgao kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha, na zile 31,000 zikawa 22,000. Februari 2021 zikashuka tena hadi 19,000. Wakati huo huo chumvi, sabuni na mafuta vilikuwa vinapanda kwa kuwa magari hayatembei. Ukitaka kujua mtu anavyoweza kuhesabu, mpunguzie pesa na umpandishie bei mwezi mmoja.

Tulikuwa tayari na kirimba, kikundi cha wanawake cha kuwekeana pesa, kila wiki mmoja anapewa. Kilikuwa cha vitenge na ada za shule. Yule mwalimu wa Bukavu akaleta hoja: badala ya kumpa mtu mmoja pesa, tuinunulie chakula cha wote, tena wiki ambayo hakuna anayenunua. Wengine walikataa. Pesa ya kirimba, walisema, ndiyo pekee ambayo mwanamke anaishika mwenyewe. Ikigeuka maharage itakuwa ya nyumba nzima. Hoja hiyo ilikuwa na uzito na mpaka leo sijaisikia ikijibiwa vizuri. Tukaacha kirimba kama kilivyo, tukaanzisha mfuko wa pili wa chakula kwa wanaotaka.

Jioni moja tukafanya jaribio uani kwangu. Wauza rejareja hapa hupima mafuta kwenye vifuko vya nailoni, vinafungwa fundo, na wakati huo kila kimoja kilikuwa shilingi mia tano. Tukanunua vifuko kutoka vibanda mbalimbali, tukavikata pembe kwa wembe na kuvimimina kimoja kimoja kwenye chupa ya soda ya nusu lita. Mafuta yalikuwa yanapanda taratibu mno. Kila kifuko kinapoisha, wanawake wanainama kuangalia, mmoja anaguna. Chupa ilipofika shingoni tukajumlisha, tukalinganisha na bei ya dumu la lita 20 la Mbarara, dumu linalojaza chupa kama ile arobaini. Anayenunua kwa kifuko alikuwa analipa karibu theluthi moja zaidi. Na anayenunua kwa kifuko ni yule asiyekuwa na pesa ya dumu. Hapo hakuna mwizi: mwenye kibanda naye ana nauli, ana nailoni, ana madeni ya watu yasiyolipwa.

Usafiri ulipofunguliwa, tukaanza kwenda Mbarara kwa zamu, wawili wawili, na orodha. Nauli ya kwenda na kurudi ukiongeza pesa ya mzigo inaweza kula faida yote ukimnunulia mtu mmoja; ukiwanunulia watu kumi na kitu, inagawanyika mpaka haionekani. Mbarara ilikuwa imepandishwa kuwa jiji Julai 2020, ingawa sokoni hatukuona jiji, tuliona magunia. Tulijifunza kufika asubuhi kwa nafaka na kusubiri alasiri kwa nyanya, kwa kuwa muuza nyanya hataki kulala nazo. Tulijifunza kutumbukiza mkono hadi katikati ya gunia, siyo kuangalia maharage ya juu yaliyochaguliwa. Tulijifunza pia kuangalia kitako cha kopo. Kopo lililobonyezwa kwa ndani linakula konzi nzima, na hata ukijaziwa kilele na kuongezewa matabishi, bado umepunjwa. Mwishowe tukanunua mizani yetu ya kuning'iniza. Mama mmoja muuza maharage alipoiona aliangua kicheko. "Nyabo, mmekuja kununua au kukagua?" Alitupimia vizuri siku hiyo, na tangu hapo ndiye tunayeenda kwake.

Madukani makubwa tulipita tu. Miaka ya nyuma Nakumatt ya Kenya, ile ya nembo ya tembo, ilikuwa na tawi Mbarara, na wateja wake walikusanya alama kwenye kadi kila wanaponunua. Binti yangu aliwahi kuokota risiti mlangoni akaniuliza alama hizo zinaliwa vipi. Kampuni yenyewe ilianguka, na waliokuwa na alama sijui walizila wapi. Matangazo ya "nunua mbili upate ya tatu" bado yapo kwenye maduka mengine, na mara nyingi ni ya biskuti. Punguzo la kitu usichokihitaji ni gharama.

Akiba kubwa ilitoka kwenye msimu. Kusini-magharibi mwa Uganda maharage huvunwa mara mbili, kati ya Juni na Julai, na tena kati ya Desemba na Januari. Wakati huo wakulima wa Isingiro, wilaya yetu, wenyewe wanahitaji ada, wanauza. Tatizo ni fukusi: gunia linunuliwe leo, baada ya miezi miwili ni vumbi na matundu. Mzee wa Kinyarwanda akatuonyesha dawa isiyo na dawa. Chukua dumu la plastiki lisilo na ufa, lioshe, likauke kabisa juani. Maharage nayo yaanikwe mpaka ukiyatafuna yalie. Yajaze hadi mdomoni, utikise, uongeze tena pasibaki hewa, kisha ukaze kifuniko na usifungue. Wadudu wanakosa pumzi wanakufa. Nyumbani kwangu madumu hayo hukaa chini ya kitanda. Na maharage tunayaloweka usiku kucha kabla ya kupika, kwa kuwa makaa nayo yana bei, na yapo majuma ambayo moto uligharimu zaidi ya kilichomo chunguni.

Halafu 2022 ikaja na vita vya Ukraine, mafuta na sabuni vikaruka. Waliokuwa na dumu waliliona dumu lao likiwa mali. Julai 2023 WFP ikatupanga makundi matatu kwa kipimo cha uhitaji, na kundi la tatu likatolewa kabisa. Mei 2025 karibu watu milioni moja nchini wakaondolewa kwenye mgao. Katika mfuko wetu, wengi hawapokei kitu tena. Wapo walioacha kwa sababu huwezi kuweka akiba ya pesa usiyokuwa nayo, na mbinu yoyote ya sokoni inahitaji kwanza uwe na cha kwenda nacho. Niwe wazi hapo, maana nimeshasikia watu wa semina wakisimulia mfuko kama wetu kana kwamba unaweza kuziba pengo la mgao. Hauwezi. Unaokoa ile theluthi ya ziada kwenye mafuta; hauleti mafuta.

Waliobaki bado tunaenda Mbarara, mara chache zaidi, na vibarua vya shambani ndivyo vinavyojaza mfuko. Yule mwalimu wa Bukavu ndiye mwenye daftari.

Kwa wachache ambao bado wanalipwa, ombi langu kwa wanaopanga malipo halihitaji shilingi ya nyongeza. Base Camp, Juru na Rubondo kila kanda ipewe wiki yake. Tarehe itangazwe mapema, na ikishatangazwa isibadilishwe. Tukiijua tarehe, tutaagiza magunia kabla bei haijapanda.