Daftari la Saa Tatu Usiku

Vitabu vya matajiri hupenda kuanza na alfajiri. Mwenye kampuni huamka saa kumi na moja, hukimbia, hunywa maji ya ndimu, huandika malengo yake, na kufikia saa mbili asubuhi keshamaliza kazi ambayo wengine wataimaliza jioni. Nilipovisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Hapa Cheptiret, kwetu Uasin Gishu, kila mtu huamka saa kumi. Ng'ombe hangoji. Mtungi wa maziwa usipofika barabarani mapema, gari limepita, na maziwa ya jana hayana mnunuzi leo. Kama kuamka mapema ndiko kunakoleta mali, basi kutoka Burnt Forest mpaka Ngeria tungekuwa tunaishi kwenye maghorofa. Tunaamka, tunakamua, tunapeleka watoto shule, na wengi wetu tunabaki tulivyokuwa.

Kwa hiyo vijana wakija kwenye stoo yangu ya mahindi kuniuliza siri yangu ya asubuhi, huwaambia sina. Ninayo ya usiku.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 80, nikiwa karani wa maziwa katika chama cha ushirika cha wafugaji. Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimama: unatumbukiza laktomita, unapima uzito, unaandika. Laktomita ilinifunza adabu ya biashara kabla sijajua kwamba nitafanya biashara. Maziwa yaliyotiwa maji huwa mepesi kuliko yalivyo kwa asili, na kile kijiti cha kioo huzama zaidi mbele ya macho ya mwenye maziwa. Huna haja ya kumwita mtu mwongo. Unamwonyesha, anatazama, anabeba mtungi wake, na kesho analeta maziwa safi bila mmoja wenu kuvunjiwa heshima.

Mwaka 1992 serikali iliacha kupanga bei ya maziwa, na KCC, kampuni ya maziwa iliyokuwapo tangu walowezi walipoiunda mwaka 1925, ikapata washindani. Wanunuzi wakaja kwa wingi. Baadhi yao walitangaza bei ya kuvutia kisha malipo yakachukua miezi mitatu. Wengine walitoa bei ya chini, lakini fedha ilikuwa mkononi kabla mtungi haujasuuzwa. Nikiwa na daftari langu niliona jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenifundisha: majina yalikuwa yanahama. Mkulima aliyeleta lita ishirini akawa analeta kumi, kisha tano, kisha jina lake likabaki na mstari mtupu. Alikuwa anahamia kwa yule wa bei ya chini. Mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa karo hawezi kula bei nzuri itakayolipwa baada ya miezi mitatu. Anataka siku. Mwambie siku, na siku hiyo ikifika uwe umelipa, naye atakuvumilia kwa mengine mengi.

Maisha yangu yote ya kazi yamejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kwenye mahindi niliingia baadaye. Kabla ya soko kufunguliwa, mwishoni mwa 1993, kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali, na wenye vibali walijulikana. Vizuizi vilipoondolewa, mtu yeyote mwenye turubai, mizani na nauli ya lori aliweza kununua. Nilikuwa na turubai. Mizani niliazima.

Asiyejua nchi hii ya Uasin Gishu hana budi kuelezwa mwaka wetu unavyokwenda, kwa maana hesabu zote zinatoka humo. Tunapanda mvua za Machi na Aprili zikishuka. Tunavuna kuanzia Oktoba hadi Desemba, wote kwa pamoja, kwa hiyo bei huanguka wakati ule ule mkulima anapokuwa na gunia. Januari karo inadaiwa. Anauza. Kufikia Juni mahindi yameadimika, bei imepanda, na yule yule aliyeuza Novemba ananunua unga dukani, au ananijia kwa gorogoro. Mbolea ya kupandia anaitaka Machi, wakati hana kitu. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 la mbolea lilifika shilingi elfu sita na zaidi kabla ya serikali kulitoa kwa 3,500, na mwaka uliofuata kwa 2,500. Mkulima wetu, kwa hiyo, si maskini wa mali. Fedha yake huja mara moja, na mahitaji yake huja kila siku. Mfanyabiashara wa Cheptiret ni mtu anayekaa katikati ya hayo mawili. Anaweza kukaa hapo kwa haki au kwa ulafi, na pande zote mbili zina faida.

Mchana wangu ni wa kawaida. Naingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, kwa sababu mahindi makavu huwekwa juu. Natafuna punje moja: ikilia, sawa, ikilainika, irudi juani. Kisha kipima unyevu kinathibitisha. Zaidi ya asilimia 13.5 sinunui, hata mwenye gunia akiwa shemeji yangu. Zamani watu waliona hayo ni maringo. Mwaka 2004 watu 125 walipokufa huko Ukambani kwa sumukuvu iliyoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi, hakuna aliyenicheka tena. Nilinunua maturubai zaidi, na tangu hapo mkulima huanika uani kwangu bila malipo. Mahindi yaliyokauka vizuri hayaliwi upesi na fukusi na hukaa hadi Juni. Naye aliyeanika kwangu mara nyingi huniuzia mimi, ingawa sijawahi kumdai aniuzie.

Halafu kuna lumbesa. Wanunuzi wa viazi wa upande wa Burnt Forest wanaijua vizuri: gunia linajazwa, linashonewa kofia ya wavu juu, linajazwa tena, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria ya kilo 50 kwa viazi ilitungwa mwaka 2019, na mabroka wakaendelea kama hawajaisikia. Nilipoanza kuchukua viazi kidogo kidogo nilisema nitanunua kwa kilo tu. Madereva walinicheka, wakasema mama huyu atafunga kabla ya Krismasi. Hesabu yao haikuwa mbaya: kwa kila gunia walinizidi. Lakini mkulima anayeibiwa naye huiba. Ataweka vidogo katikati, ataweka mawe, atakupa vilivyokatwa na jembe. Kwenye mizani yangu hakuwa na sababu, na sehemu kubwa ya faida yangu ilitoka kwenye viazi ambavyo sikulazimika kuvitupa.

Sasa nije kwenye usiku.

Saa tatu, wapakiaji wakishalipwa na mlango ukishafungwa, nakaa na daftari. Ni daftari kweli, la jalada gumu, la mistari. Kompyuta tunayo, binti yangu anaiweka vizuri, na hesabu za kodi hutoka humo. Lakini kile ninachokiandika kwa mkono wangu kinanikaa kichwani. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wengi huisoma methali hiyo wakifikiria wizi: mfanyakazi atachukua, nawe hutajua. Mimi naona mwizi mkubwa wa stoo ni mwenye stoo. Fedha ya mauzo ya leo ikiwa mfukoni inafanana kabisa na fedha yake, kumbe nusu yake ni ya mtu aliyeacha mahindi jana.

Kurasa zangu ni tatu. Ya kwanza ina fedha iliyopo: mkononi, benki, na kwenye simu. Ya pili ina ninaowadai. Ya tatu ina wanaonidai, na hii huipanga kwa tarehe niliyoahidi. Ukubwa wa deni hauangaliwi. Ukipanga kwa ukubwa utamlipa mwenye lori kwanza, kwa kuwa anapiga kelele, na bibi wa magunia mawili atasubiri kwa sababu ana haya. Ukurasa wa tatu nausoma kwa sauti. Watu wa nyumbani wamezoea. Nikiona tarehe inakaribia na fedha haitatosha, nampigia mwenyewe simu usiku huo huo, kabla hajanipigia. "Mzee, Ijumaa nilikuahidi. Nitakupa nusu Ijumaa, nusu Jumanne." Hakuna aliyewahi kunitukana kwa simu ya namna hiyo. Matusi huja kwa yule anayezima simu Ijumaa.

M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 kazi ilirahisika na hatari ikaongezeka. Fedha ya simu haishikiki, kwa hiyo ni rahisi kuisahau ni ya nani. Nilichukua laini mbili, moja ya stoo na moja ya nyumbani, na nyama ya Jumapili haijawahi kulipiwa kwa laini ya stoo. Wengi walioanguka hapa senta hawakuangushwa na bei wala na ukame. Walikula mahindi ya watu kidogo kidogo kwa simu.

Mwanzoni mwa 2008 daftari hilo lilikuwa na majina ya watu ambao hawakuwapo tena. Ghasia zilizofuata uchaguzi zilifunga barabara kuu, nyumba zikachomwa, na wauzaji wangu kadhaa wa upande wa Burnt Forest wakakimbilia viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru. Walikuwa wameniachia mazao mwezi wa Desemba. Mzee mmoja ninayemheshimu alikuja stoo, akakaa, akanywa chai, kisha akasema kwa upole, "Mama, hao wameshaondoka."

"Wameondoka, mzee," nikamjibu. "Deni lao bado liko hapa."

Hakuongeza neno, wala mimi. Wengine niliwatumia kwa simu, wengine kwa mtu wa kanisa aliyekuwa anaenda Nakuru, na wawili walichukua wenyewe baada ya muda mrefu. Sikuwa shujaa wa amani. Wako waliofanya makubwa zaidi na hawajaandikwa popote. Nilikuwa na ukurasa wa tatu tu, na ukurasa huo haukuwa na safu ya kabila. Baadhi ya familia hizo bado zinaniuzia. Watoto wao nao wananiuzia.

Kwa mkopo nina utaratibu wangu: simkopeshi mtu aliyesimama mlangoni. Anayetaka mbolea kwa deni huingia, hukaa, hunywa chai, na hunieleza atalipa kwa kitu gani. Chai humwondolea mtu haraka, na mtu asiye na haraka husema kweli. Akiniambia atauza magunia yote thelathini Novemba ili anilipe, namkataza. Namwambia auze kumi ya karo na deni, ishirini yakae. Nakosa faida ya kununua ishirini kwa bei ya chini, hilo najua. Lakini aliyeuza yote Novemba ndiye anayekuja Machi bila chochote, na mteja asiye na kitu hana faida kwa mtu yeyote.

Senta hii pia inategemea njia inayoingia Chuo Kikuu cha Moi, kilichofunguliwa mwaka 1984 huko Kesses. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wenye hosteli na vibanda vya chipsi walibaki wakitazama barabara. Mimi nilikuwa nawauzia viazi na unga. Usiku mmoja niligundua kwamba ukurasa wa pili, wa ninaowadai, ulikuwa karibu wote ni wao. Niliwapa muda hadi vyuo vifunguliwe, na tuliandika tarehe. Si wote waliorudi. Waliorudi walilipa.

Nimesoma tawasifu ya Njenga Karume, aliyeanza na makaa, na ya Reginald Mengi wa Tanzania, aliyeanza kwa kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Ni vitabu vizuri na nawasihi vijana wavisome. Ningependa tu vingekaa zaidi kwenye miaka ile midogo, ya makaa na kalamu, walipokuwa bado wanajua kila anayewadai kwa jina. Hapo ndipo wengi wetu tupo, na wengi wetu tutabaki hapo hadi mwisho, tukifanya kazi ya heshima.

Siku hizi shughuli nyingi za stoo anaziendesha binti yangu. Anatumia mambo mapya, na siku hizi anafuatilia ule mfumo wa stakabadhi za ghala uliopitishwa kwa sheria mwaka 2019, ambao unamruhusu mkulima kuweka mahindi ghalani na kukopa benki kwa karatasi yake bila kuyauza Novemba. Naunga mkono. Ukifika kwa kila mkulima mdogo wa Tarakwa na Kesses, utafanya kwa maelfu kile ninachofanya kwa chai na kiti.

Nina ombi moja kwa wenye viwanda vya unga na vya maziwa, kwa vyama vya ushirika, na kwa kila anayenunua kwa mkulima. Kwenye risiti mnaandika jina, uzito na bei. Ongezeni mstari mmoja, wa tarehe ya malipo, na mtu aweke sahihi yake hapo.